Saa Moja ya Shabaha: Chicago na Uwanja wa Bunduki Usiotakiwa

Tarehe 2 Julai 2010, madiwani wa Chicago walipiga kura 45 kwa 0 kupitisha sheria ndogo mpya ya silaha. Ndani yake mlikuwa na masharti mawili ambayo, ukisoma kila moja peke yake, huoni la ajabu. La kwanza: anayetaka kuweka bunduki nyumbani sharti awe na kibali cha jiji, na kibali hakitolewi mpaka ahudhurie mafunzo ya saa nne darasani na saa moja ya kufyatua risasi uwanjani. La pili: viwanja vya kulenga shabaha ni marufuku ndani ya mipaka ya jiji. Ni sawa na kumwambia mtu asiguse chakula mpaka anawe, huku umeshafunga bomba.

Kesi iliyotokana na kura hiyo ilidumu zaidi ya miaka sita na ikafika mahakama ya rufaa mara mbili. Mijadala ya uwanja wa bunduki mtaani husimuliwa kama vita kati ya wapenda bunduki na wanaozichukia, na kweli kelele nyingi ndizo hizo. Lakini ukisoma hukumu za Chicago kwa utulivu unaona kilichogombaniwa kilikuwa chembamba zaidi: nani alete ushahidi, na ushahidi wa nini. Kwa maoni yangu, jiji lilikuwa na hoja ya haki mkononi likaipoteza kwa uvivu, na kwa kiburi kidogo.

Turudi nyuma. Mwaka 1982 Chicago ilifunga daftari la kusajili bastola. Kwa kuwa bastola isiyosajiliwa ilikuwa haramu, kufunga daftari kulimaanisha kwamba mkazi wa kawaida hawezi tena kupata bastola kihalali, hata ya kuweka chumbani kwake. Kitongoji cha Morton Grove kilikuwa kimetangulia mwaka 1981, na Oak Park ikaja kufuata mkondo huo. Bunduki ndefu zilibaki halali.

Hali ilikaa hivyo kwa miaka 26. Juni 2008 Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo ya juu kabisa nchini humo, katika kesi ya Heller iliyotoka Washington, ikasema kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanampa mtu binafsi haki ya kuwa na bastola nyumbani kwa kujilinda. Kwa msomaji wa Nairobi au Dodoma hapa inabidi asimame kidogo. Kwetu bunduki ya raia ni ruhusa. Dola inaitoa na dola inaweza kuichukua. Kule imeandikwa kwenye katiba, kwenye safu moja na uhuru wa kusema na wa kuabudu, kwa hiyo halmashauri inayotaka kuibana ndiyo inayopaswa kujieleza. Bila kulishika hilo, kisa chote kitaonekana kama majaji wameamua tu kulikomoa jiji.

Ila Washington ni ardhi ya serikali ya shirikisho. Swali la kama haki hiyo inaibana pia miji na majimbo lilijibiwa kupitia Chicago yenyewe. Mdai ambaye kesi imebeba jina lake, Otis McDonald, alikuwa mzee Mweusi wa miaka zaidi ya sabini, mstaafu, mkazi wa mtaa wa Morgan Park upande wa kusini wa jiji. Alikuwa mwanaharakati wa mtaani aliyeshirikiana na polisi kutafuta njia za kupunguza uhalifu, na hukumu inaeleza kwamba kwa sababu hiyo wauza dawa za kulevya walimtishia maisha. Bunduki ndefu alikuwa nazo kihalali. Alichotaka ni bastola, kitu ambacho mzee anaweza kukishika usiku bila kuhangaika na mtutu mrefu kwenye korido. Tarehe 28 Juni 2010 alishinda, majaji watano dhidi ya wanne.

Siku nne baadaye ndipo ikaja ile kura ya 45 kwa 0.

Haraka hiyo si bahati. Jiji lilijua kinachokuja, na kamati ya baraza inayoshughulikia polisi na zimamoto ilikuwa imeshakaa kusikiliza maoni hata kabla hukumu haijatoka. Walikuja wasomi wa masuala ya uhalifu wa bunduki, maofisa wa polisi na watu wa harakati za mitaani. Diwani mmoja aliuliza jiji linaweza kufanya nini ikiwa marufuku itaanguka. Mwanasheria mkuu wa jiji akajibu, kwa maana, kwamba linaweza kuwekea mipaka chochote linachoruhusu kuendeshwa mjini, mradi baraza lione mipaka hiyo ni ya busara. Jibu hilo liliingia kwenye kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu za kikao husomwa na mawakili wa upande wa pili.

Sheria yenyewe ilisheheni. Kibali kiligharimu dola 100 na kudumu miaka mitatu. Mtu asingeweza kusajili bastola zaidi ya moja kwa mwezi. Ndani ya nyumba iruhusiwe silaha moja tu iliyo tayari kutumika. Na “nyumba” ilifafanuliwa kwa ukali: kibaraza hakimo, ngazi za nje hazimo, gereji haimo, ua haumo. Ukitoka na bastola yako kwenye baraza kuangalia nani anagonga geti, umeshavunja sheria. Kuuza bunduki mjini kulikatazwa kabisa. Meya wakati huo alikuwa Richard M. Daley, mtu aliyeipigania marufuku ya zamani kwa miaka mingi na hakuficha kwamba mpya ameitaka iwe kali kadiri inavyowezekana.

Sasa, wakazi. Ni rahisi kusema Chicago ilipinga bunduki kwa sababu madiwani wote waliokuwepo walikubaliana, lakini mitaa ya jiji lile haikuwa na sauti moja hata siku moja. Upande wa kusini na magharibi, ambako milio ya risasi husikika mara nyingi kuliko kwingine, ndiko walikotoka mama wanaosema bunduki moja zaidi ni msiba mmoja zaidi. Na ndiko huko huko alikotoka Mzee McDonald. Wote wawili wanatazama barabara ile ile kupitia dirisha. Mmoja anahesabu bunduki zinazoingia mtaani, mwingine anahesabu dakika kabla gari la polisi halijafika. Sioni sababu ya kumwita yeyote kati yao mjinga. Ninachoona ni kwamba sheria ya Julai 2010 haikumsaidia hata mmoja. Kijana anayebeba bastola ya magendo haendi kuomba kibali cha dola 100 wala hatafuti mwalimu wa kumtilia sahihi fomu. Masharti yale yalimgusa mtu mmoja tu: yule aliyeamua kufuata sheria.

Na yalimgusa kulingana na mfuko wake. Viwanja vya shabaha vilikuwapo viungani, nje ya mpaka. Mwenye gari na Jumamosi tupu angefika. Asiye na gari ajiulize anapandaje basi la kwenda viungani kufanya mafunzo ya bastola, katika jimbo ambalo wakati huo halikuwa na kibali cha raia kutembea na silaha hadharani. Kama lengo lilikuwa wamiliki wachache lakini waliofunzwa vizuri, njia hii iliwapa wachache wenye magari.

Kesi mpya ilifunguliwa mara moja. Inajulikana kwa jina Ezell, jina la mmoja wa wakazi waliodai; pamoja nao walikuwamo shirika la kutetea haki ya silaha liitwalo Second Amendment Foundation, chama cha bunduki cha jimbo la Illinois, na kampuni ya Action Target inayojenga viwanja vya shabaha na iliyotaka kujenga Chicago. Wadai walitaka pia ruhusa ya kutumia uwanja wa kuhamahama, uliotengenezwa ndani ya trela, unaoweza kuvutwa mpaka mahali na kuondolewa. Jaji Virginia Kendall wa mahakama ya wilaya ya shirikisho alikataa kutoa zuio la muda. Hoja iliyompendeza ni ile ya jiji: safari fupi ya kwenda kiungani si madhara makubwa kiasi cha mahakama kuingilia.

Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, yaani ile ya shirikisho inayosikiliza rufaa za ukanda wa Chicago, iliona vingine. Hukumu ya tarehe 6 Julai 2011 iliandikwa na Jaji Diane Sykes, na sehemu inayouma zaidi ni pale anapouliza ni nani angethubutu kusema jiji linaweza kukataza ibada au hotuba ndani ya mipaka yake kwa kisingizio kwamba watu wanaweza kwenda kusali au kuhutubia kitongoji cha jirani. Haki, alisema, haipimwi kwa umbali wa kuifuata nje ya mji wako. Na haki ya kuwa na silaha ya kujilinda haina maana kama mtu hawezi kujifunza kuitumia. Hapo tena jiji lenyewe ndilo lililokuwa limesema mafunzo ni ya lazima! Lingeweza vipi kugeuka na kudai kwamba mafunzo ni jambo la pembeni?

Jaji wa tatu kwenye jopo, Ilana Rovner, hakukubaliana na Sykes kuhusu ukali wa kipimo cha kisheria kitakachotumika. Aliandika maoni yake mwenyewe, na humo akawa mkali kwa jiji kuliko mtu angetarajia: aliona marufuku ile kama kuidharau Mahakama Kuu waziwazi. Jaji anayekubali kwamba jiji lina nafasi pana ya kudhibiti viwanja, halafu bado anasema hivyo, ndiye anayestahili kusomwa kwa makini. Anachokiona ni nia. Masharti mawili yanayozuiana hayakuwekwa pamoja kwa kusahau.

Lakini kilichoiangusha Chicago kilikuwa kikavu zaidi ya nia. Ilipoulizwa kwa nini viwanja ni hatari, ililetea mahakama hofu. Watu wanaweza kujeruhiwa. Wezi wanaweza kuvizia bunduki kwenye maegesho. Madini ya risasi, ile metali yenye sumu inayotengenezewa tembe za bunduki, yanaweza kuchafua mazingira. Kila kimoja kinaweza. Je, kimetokea wapi, mara ngapi, kwa nani? Hakukuwa na utafiti, hakukuwa na takwimu, hakukuwa na ofisa aliyekuwa ameketi kulichunguza jambo. Na wakati huo huo ndani ya jiji kulikuwa na viwanja vya shabaha vinavyofanya kazi kila siku: vya polisi, vya taasisi za serikali ya shirikisho, na vya kampuni binafsi za ulinzi. Risasi zilikuwa zikilia Chicago, kihalali, kati ya kuta nne, na majirani wengi pengine hata hawakujua.

Julai hiyo hiyo, sasa chini ya meya mpya Rahm Emanuel, baraza liliondoa marufuku na kuweka kanuni. Hapa ndipo kisa kinapofaa kusomwa na kila mtu anayekaa kwenye kamati ya mipango miji, maana mchezo ulihama kutoka “hapana” kwenda kwenye ramani.

Kanuni mpya zilisema uwanja unaweza kujengwa kwenye maeneo ya viwanda tu, tena kwa kibali maalumu. Usiwe ndani ya futi 100 za uwanja mwingine. Usiwe ndani ya futi 500, yaani kama mita 150, za eneo la makazi, shule, kituo cha kulelea watoto, nyumba ya ibada, duka lenye leseni ya pombe, mahali pa shughuli za watoto, maktaba, makumbusho au hospitali. Mtu wa chini ya miaka 18 asikanyage ndani.

Ukisoma orodha hiyo haraka unaitikia kwa kichwa. Nani anataka bunduki karibu na chekechea? Sasa chukua ramani ya jiji na bikari. Kila kanisa, na Chicago ina makanisa mpaka kwenye vyumba vilivyokuwa maduka, ni duara. Kila duka la pombe ni duara, na ya pombe hayana idadi. Kila kichochoro kinachopakana na nyumba za watu ni ukanda mzima uliofutwa. Duara zinaingiliana, zinameza maeneo ya viwanda kutoka pembeni, na mwishoni kilichobaki ni asilimia 2.2 ya eneo lote la jiji. Kwa jiji la ukubwa wa Chicago hiyo ni kama kilomita za mraba 13, na si ardhi tupu inayosubiri mnunuzi. Ni viwanja vya maghala, karakana, reli na mitambo, vingi tayari vina wenyewe, na vingine havina maegesho wala barabara ambayo mteja wa Jumapili angeifuata. Hukumu ya pili ya rufaa ilipotoka tarehe 18 Januari 2017, hakuna uwanja hata mmoja wa umma uliokuwa umefunguliwa chini ya kanuni hizo.

Mimi sioni ubaya wa kanuni ya umbali kwa asili yake. Kila mji una biashara ambazo haziruhusiwi kukaa mlango kwa mlango na shule. Kosa ni kuchora mduara bila kujua unazuia nini. Kwa nini futi 500 na si 200? Kwa nini duka la pombe na si kituo cha mafuta? Jaji Kendall, mwaka 2014, aliifuta kanuni ya maeneo ya viwanda lakini akaacha umbali na umri. Pande zote mbili zikakata rufaa, na jopo lile lile la majaji watatu likafuta yote matatu, ingawa Jaji Rovner hakwenda na wenzake kwenye kila kipengele. Sababu ikawa ile ile ya 2011: viwanja vya polisi na vya walinzi vilikuwa kwenye maeneo ya biashara, karibu na shule, makanisa, maduka na bustani za umma, vikiendeshwa kwa usalama. Kama uwanja wa polisi unaweza kukaa pale, jiji lieleze wa raia una kipi cha ziada kinachohitaji kuhamishiwa kwenye maghala. Halikueleza.

Nakaa hapa kidogo kwenye suala la madini ya risasi, kwa sababu ndilo ambalo, kwa maoni yangu, jiji lilikuwa na haki nalo na likalitupa.

Ingia kwenye uwanja wa ndani na utaona vizuri tatizo lilipo. Wapigaji wamesimama kwenye vizimba vilivyopangwa safu, masikio yamezibwa. Karatasi ya shabaha inaning'inia kwenye waya na kusukumwa mbele kwa kitufe. Mlio ukitoka, ganda la shaba linaruka kulia, linagonga ukuta wa kizimba na kubingirika sakafuni. Risasi yenyewe inakwenda kujikita kwenye mtego wa chuma au wa mpira nyuma ya shabaha. Kinachobaki hewani ni moshi mwembamba, na humo ndimo mwenye hatari. Baruti ya kuwashia iliyo kwenye kitako cha ganda kwa kawaida ina madini ya risasi. Tembe yenyewe nayo ikiwa wazi, bila kufunikwa kwa shaba, inapukutika kwa joto na msuguano. Chembe hizo huvutwa puani, hutua kwenye mikono, kofia na nyayo za viatu, na kwenda nyumbani na mtu. Mtoto anayetambaa sakafuni hahitaji kuwahi kufika uwanjani.

Dawa yake inajulikana. Feni husukuma hewa kutoka mgongoni mwa mpigaji kuelekea shabaha, kwa mwendo sawa ukutani hadi ukutani, kisha hewa inapita kwenye vichujio vizito kabla ya kutolewa nje. Sakafu haifagiliwi kwa ufagio mkavu. Inafyonzwa kwa mashine maalumu au kupigwa deki. Hakuna kula ndani. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla mtu hajagusa usukani wa gari lake. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inaweka ukomo wa maikrogramu 50 za madini ya risasi kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane. Anayeumia kwanza kabisa si jirani. Ni mfanyakazi anayebadilisha vichujio na kuchimbua mtego wa risasi.

Ona basi umbali wa futi 500 unafanya nini juu ya yote haya. Haufanyi lolote. Uwanja wenye feni mbovu uliozungukwa na maghala unawatia sumu wafanyakazi wake na watoto wao vilevile, na uwanja wenye vichujio vizuri kando ya maktaba hautoi kitu. Kama jiji lilihofia madini ya risasi, kanuni ya kuandika ilikuwa ya hewa, ya usafi na ya ukaguzi, na kanuni za namna hiyo zina nafasi kubwa ya kusimama mahakamani kwa kuwa zinagusa hatari yenyewe. Jiji lilizitaja hatari tatu kubwa mbele ya mahakama: wizi, madini ya risasi na moto. Halafu likategemea ramani kuziondoa.

Wizi nao si hofu ya kubuni. Mahali wanapokuja watu na bunduki kwenye mabegi, mwizi atapapenda. Lakini eneo la viwanda usiku ni pweke, halina macho, na mwenye duka jirani amefunga saa kumi na moja. Sijui ni ofisa gani aliyeona kwamba huko ndiko mwenye bastola kwenye buti la gari atakuwa salama zaidi.

Kuhusu umri, naliwaelewa madiwani zaidi. Katika jiji ambako mwaka 2016 waliuawa watu zaidi ya 750, wengi wao vijana, kumwambia diwani kwamba vijana wa miaka 16 wana haki ya kuingia uwanjani kupiga bastola ni kumtaka asahau mazishi aliyohudhuria. Mahakama haikusema watoto wa umri wowote waachiwe. Ilisema marufuku ya moja kwa moja, inayomfungia nje hata kijana wa miaka 17 aliyekuja na mzazi na mwalimu, ni pana kupita lengo lake. Baraza lingeweza kudai msimamizi mtu mzima, idhini ya mzazi, silaha ndogo kwa wadogo. Liliona kazi hiyo haina faida ya kisiasa, nadhani.

Huku kesi ikiendelea, ardhi ilikuwa ikihama chini ya miguu ya jiji. Desemba 2012 mahakama hiyo hiyo ya rufaa ilifuta marufuku ya Illinois ya kubeba silaha hadharani, na 2013 jimbo likapitisha sheria ya vibali. Sheria hiyo inadai mafunzo ya saa 16, na mwishoni mtu apige risasi 30: kumi kutoka yadi 5, kumi kutoka yadi 7, kumi kutoka yadi 10, na angalau asilimia 70 ziguse. Mwaka huo huo Chicago iliacha mfumo wake wa vibali. Hivyo sharti la saa moja lililozua kesi likafa, lakini hitaji la uwanja likazidi, safari hii kwa amri ya jimbo. Januari 2014 jaji mwingine wa shirikisho akafuta katazo la kuuza bunduki mjini. Na katika kesi za haki za kiraia za aina hii, serikali ikishindwa inaweza kuamriwa kumlipa mshindi gharama za mawakili. Pesa hizo hutoka kwenye mfuko ule ule unaotakiwa kulipia taa za barabarani Morgan Park.

Kuna mlinganisho mmoja ambao watu wa mipango hawapaswi kuukwepa. Kitongoji cha Howell, mashambani Michigan, kilishtakiwa na kampuni iliyotaka kujenga uwanja wa wazi wa biashara ambao mtu angeweza kulenga mpaka yadi 1,000. Kesi hiyo iliamuliwa 2024, na wakati huo kipimo kilikuwa kimebadilika: mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama Kuu iliacha kupima faida dhidi ya haki na kutaka serikali ionyeshe historia ya sheria zinazofanana. Wengi walidhani baada ya hapo halmashauri haziwezi kushinda tena. Howell ilishinda katika rufaa ya Mzunguko wa Sita. Ilikuwa imerekebisha kanuni zake za ardhi katikati ya kesi, na viwanja vikaruhusiwa katika maeneo mengine ya kitongoji. Mahakama ikasema Katiba inalinda kujifunza kutumia silaha, lakini haimpi mtu uwanja wa biashara kwenye kipande cha ardhi anachokichagua, wala yadi 1,000.

Chicago ingeweza kusimama hapo hapo mwaka 2010, na kipimo cha wakati ule kilikuwa laini kwake kuliko cha leo. Ingepeleka mahakamani ripoti ya hewa kutoka viwanja vya polisi wake yenyewe, ambavyo ilikuwa na funguo zake. Ingetenga hata mitaa michache ya biashara na kuweka masharti ya vichujio, ukuta wa kuzuia sauti na kabati la chuma la kuhifadhi silaha. Wakazi wangebishana kwenye kikao cha kibali maalumu, kiwanja kwa kiwanja, na mama wa upande wa magharibi angekuwa na nafasi ya kumuuliza mwenye mradi, uso kwa uso, bomba la feni lake linatokea upande gani na nani atalipia kupima udongo miaka kumi ijayo. Kikao hicho, kwa miaka sita na nusu, hakikuitishwa.